Usiifunge laini yako ya simu kabla ya kuhamia nchi nyingine
Mimi niliifunga. Wiki ya pili ugenini, benki ikatuma namba za uthibitisho kwenye laini iliyokwisha kufa, nikabaki naziangalia pesa zangu kwenye skrini kama picha ukutani. Iache hai, hata kwa salio dogo.

Vyeti vya ndoa na kuzaliwa vigongwe muhuri wa apostili (uthibitisho wa serikali yako kwamba hati ni halali, unaotambuliwa nje) kabla hujaondoka, ikiwa nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961. La sivyo, jiandae kwa foleni za ubalozini.

Halafu kuna kizungumkuti: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti. Mwombe mwajiri barua ya kuthibitisha ajira na makazi ya muda. Mimi ndiyo iliyonitoa.

Kodi ya mapato? Hesabu siku zako. Nchi nyingi huangalia kama umekaa kwao siku 183 hivi kwa mwaka, ndipo zikuhesabu mkaazi wa kulipa kodi.