Namna ya Kupima Kama Semina ya Ualimu Imemsaidia Mkufunzi wa Afya

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga, kama ilivyo katika hospitali nyingine zinazopokea wanafunzi, anayefundisha wodini ni daktari au muuguzi aliyebobea katika fani yake, ambaye mara nyingi hakuwahi kusomea ualimu. Ndiyo maana hupelekwa semina. Iwapo akirudi anafundisha vizuri zaidi, hilo halijulikani kwa dodoso linalojazwa siku ya kufunga mafunzo. Yvonne Steinert, mtafiti wa elimu ya udaktari, na wenzake, waliopitia tafiti 53 kuhusu mafunzo ya aina hii na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta washiriki wengi wakiridhika na kueleza kwamba wamebadilika, lakini tafiti zilizofuatilia manufaa kwa wanafunzi wao zilikuwa chache.

Anza kupima kabla ya semina. Omba ridhaa ya mkufunzi na ya mgonjwa, kisha fuatana naye katika raundi nzima, yaani mzunguko wa kuwaona wagonjwa wodini, ukiwa na karatasi yenye mambo machache yanayohesabika. Tuseme wanafunzi wamezunguka kitanda cha mama mjamzito, na mkufunzi anauliza dalili za upungufu wa damu. Tazama saa: je, anangoja, au anajibu mwenyewe kabla mwanafunzi hajafungua mdomo? Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba walimu wengi hungoja kiasi cha sekunde 1 tu, na kwamba wakingoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na kuwa na hoja. Andika pia kama mwanafunzi yeyote aliachiwa ashushe ukope wa chini wa mama yule atazame mwenyewe kama ndani umepauka, na kama aliambiwa waziwazi alichopatia na alichokosea. "Mmeelewa?" inayoitikiwa kwa pamoja "Ndiyo" usiihesabu kuwa swali.

Baada ya miezi mitatu hivi, hamasa ya semina ikiwa imetulia, rudia kazi hiyo kwa karatasi ileile. Ikiwezekana, mtazamaji asijue nani amehudhuria na nani bado. Kwa kuwa nafasi za mafunzo hazitoshi wote kwa mara moja, wanaosubiri zamu watumike kuwa kundi la kulinganisha. Bila kundi hilo, badiliko lililoletwa na uzoefu tu litahesabiwa kuwa la semina. Kisha wapimeni wanafunzi wa makundi yote mawili kwa mtihani uleule wa vitendo.

Matokeo hayo yasiingizwe kamwe katika tathmini ya utumishi ya mwisho wa mwaka, kwa sababu mkufunzi anayehofia cheo chake ataigiza mbele ya mtazamaji, nanyi mtapima maigizo. Apewe yeye kwanza, faraghani, pamoja na mfano mmoja wa jambo alilolifanya vizuri. Iwapo hakuna kilichobadilika, msikimbilie kuilaumu semina: hesabuni kwanza wanafunzi wanaosongamana kwenye kitanda kimoja, na muda anaobakiwa nao mkufunzi baada ya kuhudumia wagonjwa wake.