Dar hadi Dodoma: ndege ni saa moja, safari ni nusu siku

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Dodoma ni kama kilomita 390 za angani. Kwa barabara ya Chalinze na Morogoro ni kama 450. Tiketi huandika saa moja na dakika chache, lakini hapo wamehesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Angani kwenyewe, kwa ndege ya pangaboi kama Q400 au ATR, ni chini ya saa.

Kwa anayetoka Ulaya au Marekani, saa hiyo haina shida. Shida iko Dar. Ndege za nje hutua Jengo la Tatu, za ndani kwa kawaida huondokea jengo jingine, na katikati hapo si pa kuburuta masanduku juani, chukua teksi. Kama tiketi ya Dodoma uliikata peke yake, hakuna atakayekuhamishia mzigo. Utapanga foleni ya uhamiaji, ungoje mkanda wa mizigo, upite forodha, kisha ujiandikishe upya kama abiria aliyetoka nyumbani kwake Kinondoni. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe, na nauli huenda ikapotea. Acha saa nne, zisipungue: unatua saa 7 mchana, kata ya saa 11 jioni au baada ya hapo. Unayetua usiku, lala Dar. Ukiweza kupata safari zote kwenye tiketi moja, lipa hiyo hata ikizidi kidogo, maana ukiachwa ni jukumu la shirika la ndege kukupangia nyingine.

Uzito nao huwaumbua wengi. Tiketi ya nje inaweza kuruhusu masanduku mawili ya kilo 23, ya ndani ikaruhusu moja tu. La pili utalipia kaunta, kwa kilo. Hata begi la mkononi lenye magurudumu, lililoingia bila tabu kwenye ndege kubwa, halienei kwenye kabati la pangaboi. Hupokewa chini ya ngazi na kuwekwa nyuma. Toa kwanza dawa, pasipoti na kompyuta.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge huwa kwenye bajeti, na viti vya Dodoma hugombewa, hasa mwanzo na mwisho wa wiki. Kata mapema. Ndege zikijaa, treni ya mwendokasi, inayobeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, hutumia kama saa tatu na nusu ikiwa ni ya haraka. Ila stesheni ya Dar iko mjini, na foleni ya Barabara ya Nyerere jioni inaweza kukumalizia muda wote uliouokoa.

Uwanja wa zamani wa Dodoma uko mjini kabisa, bodaboda hukufikisha mtaa wa Area C kwa dakika chache. Msalato, uwanja mpya, uko nje ya jiji upande wa kaskazini, kwa hiyo soma jina la uwanja kwenye tiketi kabla ya kumwagiza mtu akupokee.

Na ukimwagiza, usimtumie picha ya tiketi peke yake. 20:40 mwandikie "saa 2 na dakika 40 usiku". Ya 00:30 ndiyo mtego: tiketi ikisema Jumamosi, mwambie mjomba aje Ijumaa usiku, saa 6 na nusu.