Mkataba wa kuuziana gari: andika na saa

Mkiuziana gari mtu kwa mtu hapa Tanzania, msiishie kwenye tarehe. Andikeni saa ya kukabidhiana ufunguo na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha wote wawili mtie sahihi pembeni ya mstari huo. Saa iandikwe 16:20, si "saa kumi na dakika ishirini", ili pasiwe na ubishi wa jioni au alfajiri. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na namba haibadiliki gari likipata mwenyewe mpya. Mnunuzi akipigwa tochi ya trafiki ya kupima mwendo jioni ileile, tarehe peke yake haisemi nani alikuwa kwenye usukani. Deni la faini liangalieni kabla ya kusaini, mlichapishe, mlibane na mkataba.

Namba ya chasisi nakilini kwenye gari lenyewe, ndipo mlinganishe na kadi ya usajili wa gari. Kwenye Toyota nyingi kutoka Japani imegongwa ukutani nyuma ya injini. Futa vumbi kwanza, maana 8 iliyojaa uchafu husomeka 3. Usitafute herufi na tarakimu 17: magari ya soko la Japani huwa na fupi zaidi, kwa mfano NZE121, kistari, kisha tarakimu 7.

Mstari wa saa haufui dafu ikiwa ufunguo ulitoka kabla ya sahihi. Wala hauchukui nafasi ya kuhamisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA): kadi ikibaki na jina lako, wa kwanza kutafutwa ni wewe, mkataba utautolea huko mbele.