SOMO: Mada moja ya historia, vidato vinne, usiandae notsi nne

Naandika hapa mara moja maana kila wiki naulizwa lile lile, eti mwalimu mwenye vidato vyote anaandaaje. Jibu ni kwamba mada inabaki ile ile, unabadilisha swali. Mfano Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa makubwa kuhusu Afrika, 1884 hadi 1885.

1. Isome mada wewe kwanza.

2. Kidato cha kwanza: kipi kilitangulia. Vikaratasi vyenye tarehe (mkutano kufunguliwa Novemba 1884, kufungwa Februari 1885, mkataba wa Uingereza na Ujerumani 1890, Ethiopia kuishinda Italia Adwa 1896), wavipange kwenye kamba.

3. Kidato cha pili: kwa nini. Wataje sababu, kisha waondoe moja wajadili kama mkutano ungeitishwa.

4. Kidato cha tatu: chanzo chenyewe. Hapa niliharibu. Miaka mingi nilifundisha kwamba wazungu walikaa Berlin na rula wakachora mipaka ya Afrika yote, siku moja mwanafunzi akaomba aione ramani waliyosaini, nikamwambia kwa ukali akae chini. Usiku nikatafuta mkataba wa Berlin wenyewe, vifungu 38 nikavisoma vyote, hakuna hata kimoja kinachogawa bara. Kuna biashara huria bonde la Kongo, meli kupita mto Kongo na Niger, na masharti ya kujitwalia maeneo mapya ya pwani: uwataarifu wenzako (kifungu 34) na uwe na utawala pale (35). Mipaka mingi ilikuja kwa mikataba ya nchi mbili mbili, kama huo wa 1890. Kesho yake nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake.
ONYO: usigawe chanzo ambacho hujakisoma chote. Na usiwape kurasa kumi, vifungu viwili vinatosha kipindi kizima. Waulize nani kaandika, na nani hakuitwa (nchi 14 zilikaa, mtawala wa Kiafrika hata mmoja hakuwepo).

5. Kidato cha nne: wabishane. Berlin ilianzisha mgawanyo au ilihalalisha ulioanza? Ufaransa ilishaingia Tunisia 1881, Uingereza Misri 1882. Kila hoja na ushahidi wake.

MASWALI

– Mwalimu naomba notsi za kidato cha tatu.
Rudia hatua ya 4.

– Huku ni kupoteza muda, mtihani unataka tarehe.
Tarehe zipo hatua ya 2, umeiruka. Nimesahihisha sana kazi za waliokariri, 1884 wanaiandika vizuri, ukiwauliza kwa nini karatasi ni nyeupe.

– Wanafunzi wangu lugha ya mkataba inawashinda, nirahisisheje bila kupotosha?
Umeuliza jambo la maana sana. Andika kifungu upya kwa sentensi fupi, maneno mawili matatu ya asili yaache na uyapigie mstari, halafu weka asili pembeni. Wanaosoma vizuri wape kazi ya kukukagua, watafute ulipobadilisha maana. Mimi wamenikamata mara mbili na nikarekebisha palepale.

– Mimi naoanisha na barua ya Menelik II, mfalme wa Ethiopia, ya 1891 kwa watawala wa Ulaya, anawatajia mipaka ya nchi yake.
Asante sana mwalimu, hii sijawahi kuitumia! Naiweka hatua ya 4, ni sauti ya ambaye hakuitwa.

– Vikaratasi kwenye kamba unabandika na gundi?
Hapana, vibanio vya nguo. Mtoto akikosea anahamisha bila kuchana.