Kumtumia wakili unaponunua nyumba Nairobi

Kabla ya kulipa chochote, tafuta wakili wako mwenyewe, wala usikubali kuhudumiwa na yule wa muuzaji kwa sababu tu ada itapungua; kwa maoni yangu, huo ndio uwekaji akiba ulio ghali kuliko wote. Hakikisha kupitia Chama cha Wanasheria wa Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu.

Kazi yake ya kwanza ni kuthibitisha hatimiliki kwenye sajili ya ardhi, ambayo kwa Nairobi hufanywa katika mfumo wa serikali wa mtandaoni uitwao Ardhisasa, ili ijulikane mmiliki ni nani, kama kuna rehani au zuio, na, kwa ardhi ya kukodi kutoka serikalini, imesalia miaka mingapi. Matokeo yasome mwenyewe, kwa kuwa picha ya hatimiliki iliyotumwa kwa simu haithibitishi lolote.

Mkataba wa mauzo lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na kushuhudiwa. Arbuni, yaani malipo ya kwanza, kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na ni salama zaidi ikishikiliwa na mawakili hadi mauzo yakamilike. Wakili wa muuzaji ataleta vyeti vya kuonyesha kwamba kodi za ardhi zimelipwa, pamoja na ridhaa ya mume au mke, pale inapohitajika.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ya mali mjini, ndipo uhamisho usajiliwe.