Chai ya mama: kupunguza utamu bila kumnyima raha

Mama yangu ana sukari na presha, na chai haimkosi asubuhi na alasiri. Mwaka jana jirani alimshauri aache sukari atumie asali, eti ni dawa. Mama akawa anatia vijiko viwili vikubwa kila kikombe. Nilimpima saa mbili baada ya chai tupu, bila kitafunwa, mashine ikasoma sukari ya damu 15.2 mmol/L, juu mno. Nikahesabu: kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17 hivi za sukari, kama vijiko vidogo vinne vya sukari nyeupe. Viwili ni vinane. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu asizidishe gramu 25 kwa siku, na asali imo kwenye hesabu hiyo. Sukari guru nayo ni sukari ileile, rangi tu ndiyo tofauti.

Basi fanya hivi. Chukua kijiko kimoja kidogo cha kupimia sukari, kiwe hichohicho kila siku, ukikwangue juu kisiwe na kilima. Punguza nusu kijiko kila wiki. Chemsha iliki, mdalasini na mchaichai pamoja na maziwa, ulimi upate cha kushika. Sisi tulianza na vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe. Wiki ya sita mama alionja kikombe cha dada yangu akakirudisha: "Mwanangu, mbona imekuwa sharubati?" Nilifurahi sana siku ile.

Stevia na sukralosi, vile vitamu vinavyotumika badala ya sukari, zenyewe hazipandishi sukari ya damu, lakini geuza pakiti usome. Ukiona dekstrosi au maltodekstrini, hiyo inapandisha. Tende ni tunda zuri lenye nyuzinyuzi, ila sukari imejaa. Mama anakula mbili, basi.

Kwa presha, soda ndiyo ninayoiogopa zaidi. Chupa ya nusu lita hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari. Ikizoeleka uzito unaongezeka, na insulini ikikaa juu figo hushikilia chumvi. Na ule urukususu, mzizi mtamu tunaotafuna kwa kikohozi, mwenye presha auache: hufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu, presha ikapanda.

Kama mgonjwa anachoma insulini au anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, mwambie daktari kabla hujaanza kupunguza, maana dawa huenda ikahitaji kurekebishwa. Mimi sukari nyeupe sijaitoa nyumbani. Iko kwenye kikopo kando ya kitanda cha mama. Sukari ikishuka mno akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, nakoroga vijiko vinne vidogo kwenye maji anywe, nampima tena baada ya dakika 15. Hapo soda isiyo na sukari haifai kitu, wala stevia. Akishindwa kumeza, simtilii kitu mdomoni, namkimbiza hospitali.