Kuhamisha Windows kwenye SSD iliyo ndogo kuliko diski ya zamani

Juzi shemeji yangu mwenye saiba kule Likoni alivuka feri na laptopu kwapani. "Shemeji, hii nikiiwasha naenda kununua mahamri, narudi bado inazungusha duara." Ndani mlikuwa na diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10, na kazi za wateja za miaka. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) aliyonunua ilikuwa ya GB 480. Hizo GB 20 zinazopungua ndizo zilizonifanya niandike, kwa sababu ziliwahi kunila usiku mzima kwenye mashine nyingine.

Hatua ya 1: Vifaa

Kebo ya SATA kwenda USB, bisibisi ndogo ya nyota, na flashi yenye GParted Live, mfumo mdogo wa Linux wa kupanga diski. Hiyo flashi inatosha kazi yote. Programu za kulipia zinazoahidi kuhamisha kila kitu kwa kubofya mara moja siziamini: zikikwama, hazikwambii zimekwama wapi.

Nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Betri ya laptopu ikiwa imekufa, kama ya shemeji, usianze bila UPS. Stima zikipotea wakati unanakili, utarudia tu. Zikipotea wakati GParted inasogeza patisheni (sehemu iliyogawiwa ya diski), data inaweza kuharibika kabisa.

Hatua ya 2: Itayarishe Windows

Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`manage-bde -status`
`powercfg /h off`
`reagentc /disable`
`chkdsk C: /f`

Ya kwanza inakuonyesha kama BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, imefunga diski. Ikiwa imefunga, fungua kwa `manage-bde -off C:` na usubiri imalize kabisa. Ya pili inazima usingizi mzito (hibernation) pamoja na uwashaji wa haraka, ambao huacha diski ikiwa nusu wazi. Ya tatu inaizima kwa muda sehemu ya uokoaji, maana tutaisogeza. Ya nne itakuomba uwashe upya, kubali.

Kisha andika `msinfo32` uangalie mstari wa "BIOS Mode". Maelezo yangu ni ya UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta; "Legacy" ni ile ya zamani. Ukikuta "Legacy", hatua ni zizo hizo, ila amri ya gdisk hapo chini uiruke.

Hatua ya 3: Punguza, halafu SOGEZA

Hapa ndipo nilipopoteza usiku. Diski ya GB 500 kwa kawaida ina sekta (vipande vya baiti 512) 976,773,168. SSD ya GB 480 ina sekta 937,703,088. Chochote kilichokaa baada ya sekta hiyo hakitafika upande wa pili, hata kama diski yako imejaa robo tu. Tatizo si wingi wa mafaili, ni mahali patisheni zilipokaa.

Fungua `diskmgmt.msc`, bofya C: kwa kitufe cha kulia, chagua "Shrink Volume". Mimi hupunguza GB 30 ili nibaki na nafasi ya kupumua. Windows ikikataa, ikakupa GB 5 au 6 tu, kuna faili lisilosogezeka limekaa mwishoni mwa C:. Mara nyingi ni pagefile (faili ambalo Windows hutumia kama RAM ya ziada) au alama za kurejesha mfumo. Zizime zote mbili, washa upya, jaribu tena. Kwa shemeji ilikubali baada ya kuzima pagefile.

Mimi mara ya kwanza niliishia hapo nikidhani nimemaliza. Nikanakili karibu saa mbili. Mwishoni gdisk ikagoma kuandika, ikisema patisheni ya 4 imepita ukubwa wa diski. Saa saba usiku nimekaa naitazama ile orodha, ndipo nikaona: baada ya C: kuna patisheni ndogo ya uokoaji, kama MB 500 hivi, na yenyewe haikutikisika. Kupunguza C: kumefungua pengo katikati tu, ile ndogo bado imeng'ang'ania mwisho kabisa wa diski.

Kwa hiyo washa mashine kwa flashi ya GParted, ichague patisheni ya mwisho, bonyeza "Resize/Move", iburute kushoto mpaka iguse C:, kisha "Apply". Ni ndogo, haichukui muda. Ikiisha, ibofye tena ufungue "Information" usome "Last sector". Namba hiyo lazima iwe chini ya jumla ya sekta za SSD yako, na ibaki nafasi kidogo nyuma yake, kwa sababu GPT, mfumo wa kuorodhesha patisheni unaoendana na UEFI, huweka nakala ya jedwali lake kwenye sekta za mwisho za diski. Usitegemee lebo ya boksi. Chomeka SSD kwa ile kebo, fungua Terminal humo humo kwenye GParted Live, andika `lsblk -b`, gawanya baiti kwa 512.

Usiendelee mpaka namba hizo mbili umeziandika kwenye karatasi na umezilinganisha.

Hatua ya 4: Nakili

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`

Andika hiyo kwenye Terminal ile ile, usome mara mbili ipi ni ipi. Ukigeuza majina, unaandika utupu juu ya kazi za watu. Kwangu ya zamani ilikuwa sda, mpya sdb:

`sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress`

Itaisha kwa kulalamika "No space left on device". Ni sawa, SSD imejaa na vyote vinavyohitajika vimeshapita. Sasa rekebisha jedwali:

`sudo gdisk /dev/sdb`

Bonyeza x, e, v, w kwa mfuatano huo. Herufi e inahamisha nakala ya jedwali hadi mwisho halisi wa SSD; v inakagua. Ikitaja patisheni iliyopita ukubwa, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Badilisha

Zima, chomoa chaja na betri, toa ya zamani, weka mpya. Skrubu za laptopu za huku pwani huota kutu, zifungue polepole usije ukakata vichwa. Usiwashe mara ya kwanza huku diski zote mbili zimechomekwa: zina vitambulisho vilevile na Windows inaweza kuchanganyikiwa.

Hatua ya 6: Ikishawaka

`reagentc /enable`
`defrag C: /L`

Hii ya pili si ya kupanga mafaili. Inaiambia SSD ni sehemu zipi ziko tupu, kwa sababu dd imeandika kila mahali. Rudisha pagefile pia.

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kuhamia SSD hakubadilishi hilo. Nimemweleza shemeji, tutalishughulikia siku nyingine.

Diski ya zamani nimeiandika tarehe, nikamwambia asiifute mpaka mwezi uishe. Akiichomeka kwa USB kutafuta faili na isionekane, afungue `diskmgmt.msc`. Ataikuta imeandikwa "Offline" kwa sababu ya vile vitambulisho pacha. Aibofye kulia, achague "Online", itafunguka.